Mbrazili kutoka Tabora

Mwanangu Edina,

Sijawahi kumwandikia barua mtu ninayelala naye chumba kimoja, na naona ajabu kuanza leo. Umekwenda mgahawani kupimwa nguo za jukwaani. Jioni utarudi na njaa yako, nitakupakulia wali, tutaongea habari za sanduku lisilofunga, na nikikutazama usoni haya hayatatoka. Najijua. Kwa hiyo nimekaa mezani, ni saa kumi alasiri, dirisha nimelifunga ili moshi wa mishikaki ya pale chini usiingie, naandika. Barua nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome usiku huu nikishalala, usije ukaisomea ndani ya treni. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Mambo ya sweta, dawa ya tumbo, na kutompa mtu pasi yako akushikie, nimekuimbia wiki nzima mpaka juzi ukaniambia, "Mama, beti nimezisikia zote, sasa imba kiitikio." Nilicheka, lakini uliniweza. Hayo nayaacha.

Nataka kukueleza kazi unayokwenda kuifanya, maana nimeifanya miaka sita na hakuna siku niliyokupa habari zake zote. Na nataka kukueleza habari ya Mama Skola. Umeniuliza mara tatu kwa nini hapokei simu zetu. Mara ya kwanza nilisema amebadilisha namba. Mara ya pili nikasema Kahama mtandao unasumbua. Mara ya tatu nikakukaripia. Zote tatu nilikudanganya.

Nimechoka, Edina. Hata kalamu naiona nzito. Lakini uchovu huu umenisaidia kitu kimoja: sina tena nguvu ya kupamba maneno.

Ulikuwa darasa la saba nilipokuacha kwa bibi yako pale Ng'ambo, Tabora, nikaja huku China kununua nguo. Skolastika nilikutana naye kwenye foleni ya viza Dar es Salaam. Yeye alikuwa ameshakuja mara mbili, na mtu aliyekuja Guangzhou mara mbili wakati ule alikuwa profesa. Ndiye aliyenipeleka Zhanqian Road kwenye masoko ya nguo, akanifundisha kufinya kitambaa cha suruali kwa kucha nione kama rangi itabaki, na kusema "tai gui le", ghali mno, huku nimeshageuka kuondoka. Ndiye aliyenipa nusu ya godoro lake kwenye chumba cha ghorofa ya nne kisicho na lifti. Tulilala mzungu wa nne, na asubuhi tulikula michembe, vile viazi vikavu, aliyotoka nayo nyumbani, tunaitafuna na chai ya kijani kwa sababu maziwa hatukujua yanauzwa wapi.

Mzigo wangu wa kwanza ulifika bandarini umeloa, umeota ukungu, hata mtumba una afadhali. Nikaona aibu kurudi. Hilo andika kwenye orodha ya makosa yangu, la kwanza kabisa: nilidhani watu wa Tabora hawana kazi nyingine ila kukaa wakisubiri wanicheke. Skola aliniambia, "Anasta, rudi ukalale kwenu, mtaji unatafutwa upya." Sikumsikia. Kila alipokwenda nyumbani yeye ndiye aliyekuletea wewe viatu vya shule, ndiye aliyekupiga picha na kuniletea. Ukaanza kumwita mama mkubwa bila kufundishwa na mtu.

Jumapili tulisali kwenye ukumbi wa kukodi, ghorofa ya saba ya jengo la biashara, kati ya duka la mabegi na ofisi ya kago. Niliimba sauti ya kwanza kama nilivyoimba kwaya ya nyumbani, kichwa juu, mapafu yote. Siku moja akaja Papaa Nelo kutusikiliza. Unamkumbuka kwenye picha, yule mwenye gitaa na kofia. Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi aliyekulia Luanda kwa sababu ya vita, kwa hiyo alikuwa na Kiswahili chake cha kule na Kireno cha mitaani. Alipiga gitaa kwenye mgahawa wa nyama choma ya Kibrazili, huu huu wa Huanshi Zhonglu. Mwimbaji wao, Mbrazili wa kweli, alikuwa ameondoka bila kuaga, na tajiri alikuwa anataka mwingine kabla ya wiki kuisha.

Laoban Lin, tajiri mwenyewe, hakunisikiliza kwanza. Alinizungusha, akaangalia nywele, akaangalia miguu, akasema, "Keyi." Anafaa. Kisha akanipa sheria moja, na Nelo akanitafsiria: mbele ya wateja mimi ni wa Baxi, yaani Brazili, na jina langu Mariana. Nisiseme Feizhou, nisiseme Afrika, kwa sababu hakuna mtu anayelipa kiingilio kula nyama ya Kiafrika. Nikasema sawa. Niliona ni mchezo wa kuigiza, na nani hajawahi kuigiza kanisani siku ya Krismasi?

Nelo alinifundisha wiki mbili kwenye stoo ya mkaa. Nilipofungua kinywa mara ya kwanza aliziba masikio. "Mama Anasta, hapa hatuko kanisa," akasema. "Usikimbize ngoma. Wacha iende mbele, weye unafuata nyuma pole pole, sawa mutu anajua nyumba haijafungwa. Na maneno ni ya huzuni, lakini unaimba unacheka. Njo samba, mama. Doucement." Aliandika kila wimbo kwenye daftari, Kireno upande huu, maana yake upande ule. Daftari hilo unalo wewe sasa. Penye madoa meusi kwenye kurasa ni mkaa, usidhani ni uchafu wangu.

Nikudanganye nini tena, Edina. Niliipenda. Watu wakisimulia maisha kama haya husema walisukumwa na shida, na mimi shida ilinisukuma kweli mpaka mlangoni, lakini ndani niliingia mwenyewe. Siku nilipoweza kuliacha lile neno likachelewa kidogo nyuma ya tari, na gitaa dogo likanisubiri, na ngoma kubwa ikagonga chini ya miguu yangu, niliona mwili wote umepumua. Kwenye kwaya nilikuwa sauti moja kati ya thelathini. Kwenye samba nilisikika hata nilipoimba taratibu. Nilikuwa na miaka thelathini na saba na sikujua nina sauti ya kuimbia jambo dogo.

Usije ukadhani kazi yenyewe ni hiyo tu. Kazi ni kuimba mchana na jioni watu wakikata nyama. Ni kuimba wimbo wa kuachwa huku mhudumu anakupita na mshikaki wa mioyo ya kuku. Ni manyoya ya kichwani yanayobandikwa kwa gundi, na watoto wanaoyavuta ili waone kama ni nywele zako. Ni kupigwa picha mpaka taya zinakufa ganzi. Ni moshi, kiyoyozi, moshi, kiyoyozi, na koo lako katikati. Sauti hii yangu ya kukwaruza unayoicheka ukisema nafaa kutangaza mnada, niliipata pale.

Mwaka wangu wa pili akaja Mbrazili wa kweli. Mzee mmoja wa biashara ya mikoba, alikuwa ametoka Shiling kukagua ngozi, bado ana vumbi la barabara kwenye viatu. Akaniita mezani akanisemesha Kireno. Kireno changu chote kilikuwa ndani ya nyimbo kumi na tisa. Mtu akitaka habari za mvua, mwezi na mwanamume asiyerudi, ninazo. Yeye alikuwa ananiuliza nimetoka mji gani. Nikatabasamu, jasho likaanza kushuka na gundi ya manyoya. Laoban Lin alikuwa amesimama hapo hapo, akamwuliza kwa Kiingereza chake, kupima kama bidhaa yake inapita, kweli huyu ni Baxi?

Yule mzee aliniangalia. Kisha akaweka uma chini, akasema, "Ndiyo. Hata kwao napajua." Laoban akafurahi, akampelekea bia ya bure. Nilipopita tena karibu na meza yake, mzee aliniinamia akaniambia kwamba mstari wa pili wa ule wimbo wa mwanzo nautamka vibaya, akanirekebisha, akaendelea kula. Sikumwona tena. Kumbe mtu hakujui, huna faida kwake, na bado anaweza kusema anakujua. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Halafu ukaja wewe, na chuo chako cha lugha, na begi lako jekundu. Wiki ya kwanza tu ukanifuata mgahawani. Nilikuwa nashuka jukwaani, ukaita "Mama!" mbele ya wahudumu wote. Nikakushika bega nikawaambia kwa Kichina kwamba wewe ni mwanafunzi unayependa muziki wangu. Ulicheka. Na mimi nikacheka, tukaenda nalo mpaka nyumbani, tukalifanya utani wa wiki nzima, "mpenzi wa muziki wangu, leta chumvi." Sasa hivi nikikumbuka, najiuliza kama kweli ulikuwa unacheka. Sikukuuliza. Mtu akizoea kukana kidogo kidogo huwa hahesabu, na mimi sikuhesabu.

Sasa Skola.

Ilikuwa mwaka jana, wewe uko hosteli na mitihani. Unajua jinsi mambo yalivyobadilika tangu ile michezo mikubwa ya Beijing. Viza ya mwaka ikawa ya mwezi, na ukitaka kuongeza unampa wakala pasi yako, anaipeleka mji mwingine wanakogonga mihuri kirahisi, na wewe unabaki Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, na karatasi ya fotokopi. Kila mtu alikuwa anafanya hivyo. Kila mtu alikuwa anajua kwamba polisi hawaitaki fotokopi. Skola na mimi tulifanya zaidi: tulimpa wakala pasi zetu mbili kwenye bahasha moja, kwa sababu safari moja ni rahisi kuliko mbili. Tulijiona wajanja kweli.

Jumapili mchana Skola akaja mgahawani na wateja wake wawili wa Mwanza, kina mama. Alipenda kuja kunitazama. Aliwaambia watu chini chini, "Yule ni mdogo wangu, ila msimwite, yupo kazini." Miaka yote ile hakuwahi kuniita pale ndani hata mara moja. Alikuwa akikaa, anakula, ananipigia makofi na watu wengine, anaondoka.

Nilikuwa kwenye wimbo wa nne polisi walipoingia. Wanne. Hawakwenda meza nyingine, walikwenda moja kwa moja kwenye meza ya weusi. "Huzhao." Pasi. Wale wa Mwanza wakatoa zao. Skola akatoa fotokopi na kadi ya wakala, akaanza kueleza kwa mikono. Kichina chake kilikuwa cha bei, hakikuwa cha polisi. Mmoja akamshika kiwiko.

Ndipo akageuka kwangu. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile ile ya kuniitia chai, "Anasta, njoo uwaambie hawa pasi iko kwa wakala. Wewe unaweza kuwasemesha."

Watu wote wakageuka jukwaani. Laoban Lin alikuwa ameshafika kando yangu, anawaambia polisi kwamba mimi ni msanii wake wa Baxi, karatasi zangu ziko ofisini. Hakukuwa na karatasi, pasi yangu ilikuwa bahasha moja na ya Skola. Askari mdogo kuliko wenzake, kijana mwenye adabu, akaniuliza kama namfahamu huyu mama.

Nikasema, "Bu renshi." Simfahamu.

Na juu yake nikatabasamu tabasamu la jukwaani, mwanangu. Hilo sikuombwa na mtu.

Neno hilo kila mfanyabiashara wa huku analijua. Skola alilielewa. Alifunga zipu ya mkoba wake taratibu, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Samahani, dada. Nimekufananisha." Akatoka nao.

Nimelala na maneno hayo mwaka mzima na sijajua yalikuwa nini. Siku nyingine naona alinikinga. Yule kijana angeweza kuuliza mbona amekuita, na Skola akanifungia mlango nibaki salama. Siku nyingine naona alinihukumu pale pale na kunitoa katika watu wake. Huenda yote mawili. Nimejitetea pia kwamba ningesema ukweli tungechukuliwa wote wawili na yeye asingepona. Ni kweli, na hainisaidii hata kidogo. Yule mzee wa mikoba hakuniokoa kwa sababu alikuwa na uhakika wa chochote. Alisema tu ananijua.

Laoban Lin akasema, "Chang." Imba. Nelo alikuwa ameshika gitaa bila kulipiga, ananitazama. Kisha akapiga. Nikaimba. Na hapa nakwambia kitu ambacho sijamwambia hata Mungu kwa sauti: niliimba vizuri kuliko siku zote. Kila neno lilikaa mahali pake. Mama mmoja wa Kichina alikuwa anafuta machozi na kitambaa cha meza. Ndiyo maana siwezi kukwambia kwamba uongo unaharibu sauti. Hauharibu. Ingekuwa rahisi kama ungeharibu.

Nelo aliondoka mwisho wa wiki ile. Nilimwuliza kama amepata kazi bora. Akasema, "Hapana, mama. Nimechoka kupigia gitaa mutu sijui tena jina yake." Akaniachia daftari.

Skola alikaa mahabusu wiki tatu, wakamrudisha nyumbani na nguo alizovaa. Mzigo wake uliobaki stoo hakuna aliyeufuatilia, na mimi sikuthubutu kwenda kuuliza. Nilimpigia alipofika Kahama. Akapokea. Nikasema, "Ni mimi Anasta." Akasema, "Mimi namjua Anasta mmoja tu, tulilala godoro moja. Wewe sikujui." Akakata. Hakukuwa na matusi. Ningefurahi kama angenitukana.

Bahasha ilirudi baada ya mwezi, pasi zote mbili bila muhuri. Yake ninayo ndani ya Biblia yangu. Ya kwangu tangu siku ile haina viza, na ndiyo maana umeona mama yako anatoka nyumbani kwenda mgahawani na kurudi, basi, wala sokoni hakanyagi. Ulidhani naogopa polisi. Naogopa, ndiyo. Lakini naogopa zaidi mtu aniite barabarani.

Mwezi uliopita Laoban Lin akaniambia sauti imekwisha. Hakuwa mkali. Akasema, kumbe siku zote alijua, "Binti yako ni Mbrazili kuliko wewe." Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu nilikusikia ukijaribu ule wimbo wa kwanza, na mstari wa pili uliutamka sawasawa bila kufundishwa na mzee yeyote. Sauti yako ni ya chini, haina haraka, na huilazimishi. Mimi ilinichukua miaka mitatu kuacha kulazimisha. Sikwambii usiende Wuhan, kwenye mgahawa mpya anaoufungua na mbia wake. Una miaka ishirini na moja, chuo kimekwisha, na ningekuwa na sauti hiyo ningekwenda hata kwa miguu.

Nenda ukaimbe. Waimbie wanaokata nyama kwa heshima ile ile, kuna mmoja kila siku ambaye ameacha kutafuna, mwimbie huyo. Koo likiwasha nyamaza hata laoban akinuna. Jina la Adriana walilokupa ni nguo ya kazi. Livae. Mimi langu nililala nalo, nikaamka nalo, na siku nilipoitwa jina la kwetu sikuwa na kinywa cha kuitikia.

Sasa neno la jana Alhamisi. Ulikuwa umeinama unafunga kamba za viatu, ukasema, "Mama, kesho kutwa usije stesheni. Polisi wamejaa pale, na yule mbia wa Wuhan atakuwepo. Yeye anajua amepata Mbrazili kweli. Tuagane hapa hapa, inatosha." Nikasema sawa. Hukuniangalia, na mimi sikukuangalia. Lakini sauti ile niliijua mara moja, Edina. Ilikuwa yangu. Ilinichoma, na sikuwa na haki ya kulalamika, maana nani amekufundisha?

Basi nakwambia mapema ili lisiwe la kukushtukiza. Nitakuja.

Nitasimama kwenye lango kubwa, pale abiria wanapopanga foleni na mizigo, upande wa kushoto. Utakuwa na wenzako wa jukwaani na huyo mbia. Nitakuita mara moja. Nitasema, "Edina Maganga," kwa sauti ya kwaya, mapafu yote, wakusikie mpaka mlangoni, halafu nitasema, "Safari njema, mwanangu." Kisha nitanyamaza.

Ukigeuka, watakuuliza yule ni nani, na huenda kazi ikaishia hapo hapo kwenye foleni. Najua. Usipogeuka, treni itaondoka, utaimba Wuhan, na nakuapia sitakulaumu, si kesho wala uzeeni. Katika watu wote duniani mimi ndiye wa mwisho kukuhukumu kwa hilo. Nimejiuliza mchana wote kama nakutega. Inawezekana. Nimejiuliza kama nakuja kwa ajili yako au kwa ajili yangu, na nadhani zaidi ni kwa ajili yangu. Lakini mimi niliitwa ghafla, mbele ya askari, na nikajibu kabla sijafikiri. Wewe nataka uwe na usiku mmoja wa kufikiri. Hicho tu ndicho nilicho nacho cha kukupa ambacho mimi sikupewa.

Kuhusu mimi usisumbuke. Jumatatu nimepanga kwenda polisi mwenyewe, niwaambie mimi ni Mtanzania, nimepitiliza viza, wanifanyie wanavyowafanyia watu. Wakinishika kesho pale langoni, basi Jumatatu yangu itakuwa imekuja mapema. Wakinirudisha, sitaanzia Tabora. Nitashukia Kahama na pasi ya Skola mkononi, nigonge. Akifungua nitamwambia nimekuja kumjua. Asipofungua nitakaa nje kidogo, halafu nitapanda basi niende nyumbani kwa bibi yako.

Nasikia mlango wa chini, na hizo ni hatua zako kwenye ngazi, unaruka moja moja kama kawaida yako. Naishia hapa niwashe jiko.

Kesho sitavaa kitu cha Mariana. Nitavaa kitenge cha kijani, kile alichonipa Skola tulipofika. Pale stesheni hakutakuwa na mwingine. Utaniona ukitaka.

Mama yako,
Anastazia, wa Ng'ambo, Tabora